Magadi ya Ziwa Natron: jinsi nilivyotatua hesabu ya gramu 113

Swali la wanafunzi hapa Arusha: ukichoma gramu 113 za magadi safi ya Ziwa Natron, utabaki na gramu ngapi za sodiamu kaboneti (Na₂CO₃)? Jibu lililokuwa likitoka ni 94.6, nalo si sahihi.

Kosa lilikuwa kwenye fomula. Magadi ni Na₃H(CO₃)₂·2H₂O, na ile 2H₂O baada ya nukta, yaani maji yaliyofungwa ndani ya fuwele, ilikuwa imeachwa. Ubaya ni kwamba hata ukiiacha, mlinganyo unasawazika vizuri tu. Ila uzito wa moli (moli ni kipimo cha idadi ya chembe) unashuka kutoka 226 hadi 190, na kila kinachofuata kinapotoka.

Kusawazisha mlinganyo, nikaanza na sodiamu: 3 kushoto, 2 kulia, basi zikutane kwenye 6. Kaboni 4 kushoto, 3 zikiingia kwenye Na₂CO₃, zinaacha CO₂ moja. Hidrojeni 10 zinatoa maji 5. Oksijeni nikaiacha mwisho, ikawa 16 kwa 16:

2Na₃H(CO₃)₂·2H₂O → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

113 ÷ 226 = moli 0.5. Kwa uwiano wa 2:3 ni moli 0.75, zidisha kwa 106, uzito wa moli wa Na₂CO₃, unapata gramu 79.5. Uwiano huo ni wa moli. Ukiutumia kwenye gramu utapata 169.5, mabaki mazito kuliko ulichoweka!

Ongeza maji gramu 22.5 na CO₂ gramu 11, jumla 113. (Jumla hii haikamati nukta iliyosahaulika, kwa hiyo fomula ihakikiwe kwanza.)

Maabarani, choma, poza, pima, rudia hadi mizani isome namba ileile. Ikizidi 79.5, huenda maji hayajaisha, au magadi yana chumvi na udongo.