Wapiga tromboni watatu

Nimetoka kwenye onyesho la okestra usiku huu na usingizi umenikataa kabisa.

Nilikata tiketi ya msimu mzima. Leo ilikuwa zamu ya Simfoni ya 5 ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808.

Obo, ile ala nyembamba ya kupuliza, ikatoa noti moja ndefu, wote wakalinganisha vyombo vyao nayo. Hapo tu nywele zilinisimama.

Lakini macho yangu yaliganda kwa wapiga tromboni watatu kule nyuma, zile ala ndefu za shaba za kupuliza.

Sehemu ya kwanza ya simfoni, kimya.
Ya pili, kimya.
Ya tatu, bado kimya. Kama dakika 20 hivi, tromboni zimelala mapajani.

Mmoja alikuwa akipitisha kidole taratibu kwenye ile shaba, kama anabembeleza mtoto.

Kisha ngoma zikaanza kunong'ona chini kwa chini, sehemu ya tatu ikamwagikia ya nne bila kusimama, na wale watatu wakainua tromboni zao kwa pamoja.

Jamani! Ile sauti!

Nililia. Mama mmoja jirani yangu, wala hatujuani, akanipa kitambaa chake bila kusema neno.

Wenzangu mnaopenda okestra, ninyi huwa mnamfuata nani kwa macho? Niambieni, niko macho bado.