Midve lupiva: vitenzi vya Kislovenia jikoni kwa mama mkwe

Mwezi wangu wa pili hapa Kranj, Slovenia, mama mkwe aliniambia "Ti si pridna," nami nikanyamaza mpaka usiku. Nilikuwa nimemaliza kuosha sufuria mbili zilizoungulia chini, nimepangusa meza, nimekunja vitambaa. Yeye akasimama mlangoni, akatikisa kichwa, akasema hayo maneno matatu. Ti nilikuwa nimeshalijua, ni "wewe". Pridna sikulijua. Lakini hilo la katikati nimezaliwa nalo: si. Si wewe, si kitu, si haba. Basi nikajua nimeambiwa kwamba mimi si kitu fulani, na kwa alivyotikisa kichwa nikaona hicho kitu ni kizuri, nami sinacho.

Mume wangu aliporudi kazini akaniuliza mbona uso umefungwa hivyo. Yeye alikaa Pangani miaka mitatu, Kiswahili chake si kibaya. Nikamsimulia. Akavuta kiti, akakaa, akaniambia polepole: "Pridna ni mchapakazi. Na hilo neno 'si' la kwetu maana yake ni 'wewe ni'. Mama amekusifu."

Usiku uleule nilifungua daftari nikaandika kitenzi chao cha "kuwa", yaani biti, katika wakati uliopo. Sem, si, je: mimi ni, wewe ni, yeye ni. Halafu nikaandika ukanushi wake: nisem, nisi, ni. Nilipofika kwenye ni kalamu ikasimama. Kwao neno ni maana yake "siyo", na neno si maana yake "ni". Vineno viwili ambavyo mimi navitamka mara mia kwa siku, vimebadilishana viti.

Wiki iliyofuata nilikwenda duka la mikate nikaagiza mkate wa unga mweusi. Muuzaji akajibu "Ni več." Nikasubiri. Nilisikia ni, nikadhani upo, anakwenda kuuleta. Akarudia, safari hii amefungua mikono kuonyesha rafu tupu: ni več, umekwisha. Siku hizi nikisikia ni ya Kislovenia naona ile rafu, na nikisikia si nazikumbuka zile sufuria mbili. Sikuhitaji zoezi lolote la kitabu kwa hayo mawili. Ile je yao, "yeye ni", nayo ilinijia kwa urahisi, kwa sababu herufi j wanaitamka kama y yetu, kwa hiyo inasikika "ye", nami nikaishika kwa "yeye". Shida yake ni kwamba je pia ni "anakula". Mama je doma, mama yupo nyumbani. Mama je kruh, mama anakula mkate. Hapo unategemea neno linalofuata likuokoe.

Ninaandika haya kwa sababu wapo wenzangu wananiandikia kuuliza kama lugha hii inajifunzika. Inajifunzika, na anayezungumza Kiswahili anaanza na mtaji ambao pengine haujui. Sisi hatuhitaji kuambiwa kwamba mtendaji anaweza kuishi ndani ya kitenzi. Tukisema "tunapika" hakuna haja ya kutaja "sisi". Wao ni hivyohivyo, ila sisi tunamtanguliza mtu mlangoni, wao wanamwacha nyuma. Chukua delati, kufanya kazi: delam nafanya, delaš unafanya, dela anafanya, delamo tunafanya, delate mnafanya, delajo wanafanya. Hiyo š ni "sh". Kazi yako ni kuzoeza sikio lisubiri mwisho wa neno, maana sikio letu limezoea kujua nani anatenda kabla hata tendo halijatajwa. Miezi ya mwanzo nilikuwa nakosa nafsi kila mara, kwa sababu neno likifika mwishoni mimi nimeshaondoka.

Na furahia jambo moja: wakati uliopo kwao ni mmoja. Sisi tuna "napika", tuna "ninapika", tuna "hupika". Wao kuham inatosha kwa ninachopika sasa hivi na ninachopika kila Jumapili.

Lakini nimeruka kitu hapo juu makusudi. Kati ya umoja na wingi, Kislovenia kina uwili. Delava, sisi wawili tunafanya. Delata, ninyi wawili mnafanya. Delata tena, wao wawili wanafanya. Kwa hiyo nafsi ni tisa, na maumbo ni manane, kwa kuwa hayo mawili ya mwisho yanafanana.

Katika darasa letu la jioni tulikuwa na akina mama kutoka Bosnia. Lugha yao ni jamaa ya karibu ya Kislovenia, na wiki za kwanza walikuwa wanajibu kabla mwalimu hajamaliza swali, mimi nahangaika na herufi. Tulipofika kwenye uwili wote tukawa sawa. Lugha yao haina uwili, wanatoka kwenye umoja moja kwa moja hadi wingi kama sisi. Mimi nilikuwa na kitu kidogo mfukoni: chuoni Tanga, nikiwa na miaka minane au tisa, ustadhi wetu alitukaririsha huma na antuma, wao wawili na ninyi wawili. Kwa hiyo wazo lenyewe halikunishtua. Lililonishangaza ni hili: Kiarabu hakina uwili wa nafsi ya kwanza. Ukiwa mmoja na mwenzako au ukiwa na mtaa mzima, ni nahnu tu. Kislovenia kinayo "sisi wawili" yake. Wanaume wawili, au mwanamume na mwanamke, ni midva. Wanawake wawili ni midve.

Sasa nije jikoni.

Ilikuwa Jumamosi, mama mkwe ameweka beseni la viazi katikati ya meza. Alinipa kisu kidogo cha mpini wa mbao, yeye akachukua kingine. Anamenya kwa kuvuta kisu kuelekea kwake, ganda linatoka refu bila kukatika. Mimi namenya kwa kusukuma mbele kama nilivyofundishwa kwetu, maganda yangu mafupimafupi. Mume wangu akaja akaegemea jokofu. Mama akasema bila kuinua macho: "Midve lupiva, on pa gleda." Sisi wawili tunamenya, yeye anatazama.

Lupiti ni kumenya, na sikuwa nimewahi kukutana na neno hilo. Lakini ile -va ya mwisho niliisikia wazi kama mlango unaofungwa. Lupiva. Ndani ya kitenzi kile mlikuwa na watu wawili tu, na mmoja ni mimi. Mwanawe wa kumzaa alikuwa nje ya neno. Kwa Kiswahili angesema "tunamenya", nami ningebaki kujiuliza kama ni wao wa nyumba hii, wenye desturi yao ya kumenya viazi kila Jumamosi, au mimi nimo. Hapa hakuna pa kujiuliza. Nilikuwa na miezi mitatu katika nchi ambayo hakuna mtu mtaani anayejua jina langu linatamkwaje, na -va ilinihesabu.

Tangu hapo nikaanza kuziwinda. Nikisikia watu wanaongea ndani ya basi la Ljubljana, nasikiliza mwisho wa vitenzi. Vijana watatu, gremo. Mzee na mkewe, greva. Ni "twende" zote mbili, lakini ya pili haimruhusu mtu wa tatu.

Kisha nikazidisha. Jioni moja nimetoka kutembea kwenye kilima, nikamwambia mama "Nogi me bolita," miguu yangu miwili inaniuma, nikiwa nimejivunia kweli, maana nilipatia uwili kwenye nomino na kwenye kitenzi. Akatabasamu, akasahihisha: "Noge me bolijo." Wingi. Vitu ambavyo kwa maumbile huja viwiliviwili, miguu, mikono, macho, havitiwi kwenye uwili labda kama unataka kusisitiza kwamba ni vyote viwili. Uwili ni wa vitu na watu waliokutana. Miguu haikukutana, ilikuja pamoja. Hayo ni maelezo yangu mwenyewe, kitabu hakisemi hivyo, lakini yameniwezesha kutokosea tena.

Kuhusu makundi ya vitenzi nitasema kifupi, kwa sababu yanajulikana haraka. Tazama irabu iliyo kabla ya -m: ni -am, -im, -em au -jem. Delam, govorim, pišem, pijem: nafanya kazi, nasema, naandika, nakunywa. Ukishaipata nafsi ya kwanza, nyingine zinafuata zenyewe. Balaa ni kwamba ukipewa kitenzi katika umbo lake la kamusi mara nyingi huwezi kukisia nafsi ya kwanza. Pisati inatoa pišem. Brati, kusoma, inatoa berem. Prati, kufua, inatoa perem. Kupovati, kununua, inatoa kupujem. Nilipoteza wiki nzima nikisema "kupovam", na kila muuzaji alinielewa kwa huruma tu.

Dawa niliyoipata ni kutokubali kuandika kitenzi kikiwa peke yake. Daftari langu lina "brati berem", "prati perem", yakisomwa kwa pumzi moja kama jina la mtu na la baba yake. Hata kamusi zao hufanya hivyo. Ukiingia kwenye tovuti ya Fran, zilipokusanywa kamusi za taasisi yao ya lugha, utakuta pembeni ya kitenzi wameweka nafsi ya kwanza. Mwanzoni nilidhani ni mapambo.

Vilivyobaki ni vile vikaidi: vem najua, jem nakula, grem naenda, dam natoa. Katika baadhi ya nafsi za uwili na wingi vinaingiza s isiyotarajiwa, vesta, jeste, gresta. Wala sikuvilalamikia. Ni maneno mafupi yanayotumika kutwa, na ya kwetu yana ukaidi uleule. Jaribu kumweleza mgeni kwa nini tunasema "anakula" na "anakuja" lakini hatusemi "anakupika". Neno linaloshikwashikwa na kila mtu kila siku haliwezi kubaki limenyooka.

Na muwe waangalifu na moram na morem. Moram ni "inanilazimu". Morem ni "naweza". Nilipokuwa nimeshiba kabisa nilisema "Ne moram več," nikikusudia kusema siwezi tena. Mama akasikia kwamba silazimiki, akaongeza kijiko kimoja cha žganci, ugali wao, kwa upole, kama anayesema kweli hulazimiki, ila kula.

Jambo lililonisumbua kuliko yote halimo kwenye jedwali lolote. Wasilovenia humwita mtu wasiyemzoea, au wanayemheshimu, kwa vi, yaani "ninyi", na kitenzi kinapata -te hata akiwa peke yake. Mama, kako ste? Hilo nililipokea kwa mikono miwili. Mimi ni mtoto wa kusema shikamoo, nilikuwa nimekosa pa kuiweka tangu nitue, na hii -te ikawa shikamoo yangu. Kila kitenzi nilichomwelekezea mama mkwe kilikuwa na -te. Imate, veste, delate.

Halafu siku moja, tukiwa tunaanika nguo, akaniambia nimwite ti. Sisi ni watu wa nyumba moja, akasema, vi ni ya ofisini. Nilielewa kwamba ananikaribisha, na kwamba nikikataa nitakuwa nimemwacha mkono hewani. Lakini nilipojaribu, "Mama, kaj delaš?", ile -š ilitoka mdomoni mwangu kama nimemwita mama yangu mzazi kwa jina. Kesho yake nikarudi kwenye -te. Nikaona uso wake umepungua kidogo. Siku mbili nikawa naepa vitenzi kabisa. Namwambia "kahawa?", "chumvi?", naonyesha kwa kidole. Mtu mzima, nyumba nzima, natafuta njia ya kuongea bila nafsi ya pili.

Jumamosi ikafika. Kila Jumamosi yeye hushuka sokoni, nami hubeba kikapu. Nilikuwa nimevaa koti, nimesimama sebuleni, yeye yuko chumbani anatafuta skafu. Ilibidi nimuulize kama yuko tayari, na swali lile lilitaka nichague: A si? Au a ste? Nikafungua mdomo bila kujua litatoka lipi.

"Mama, a greva?"

Twende, sisi wawili? Hakuna -š ndani yake wala -te.

"Greva," akajibu, akatoka anafunga skafu, akanipa upande mmoja wa kikapu nishike.