Nusu ya Mtumbwi

Mwaka 2009 nilipewa kazi ya kutengeneza daftari la kompyuta la mitumbwi pale Mwaloni Kirumba, Mwanza. Kila mtumbwi uwe na jina la mwenyewe, namba iliyopakwa rangi ubavuni, na picha. Nikaamua picha zikae ndani ya kanzidata, kwenye jedwali lilelile la majina, ili atakayenakili daftari asiziache nyuma. Mpaka leo sioni kama uamuzi ule ulikuwa mbaya.

Mwanzoni niliipachika picha ndani ya sentensi ya INSERT, yaani amri ya kuingiza data, katikati ya alama za kunukuu. MySQL, programu iliyotunza kanzidata yetu, ikakataa. Picha ni mlolongo wa baiti, yaani namba ndogondogo, na baiti yenye thamani 39 ndiyo hiyohiyo alama ya kunukuu. Ikijitokeza katikati ya picha, seva inadhani maneno yameisha. Nikaweka alama ya kuuliza mahali pa picha, baiti zikapelekwa kando ya sentensi. Hapo zikaingia bila shida. Seva ilikataa pia kitu kinachozidi megabaiti 1, basi kila picha nikaipunguza hadi kilobaiti 200 hivi. Nikadhani mpaka ni huo tu. Kadi ya kamera ilikuwa ndogo, kwa hiyo kila jioni nilifuta picha zilizokwisha kuingia.

Asubuhi moja akaja mzee mmoja, mvuvi wa dagaa, karabai mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nitolee picha ya mtumbwi wangu. Wameuiba usiku, na polisi wanataka kuuona."

Nikaifungua. Mbingu ilikuwepo, mawe ya mlimani yalikuwepo, na kichwa cha mjukuu wake aliyesimama ndani ya mtumbwi. Kuanzia kifuani mwa mtoto kushuka chini ni kijivu kitupu. Ubavu haupo, namba haipo.

Mzee akainama karibu na kioo. "Mbona umezama?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikauliza kanzidata urefu wa kila picha kwa LENGTH. Mstari baada ya mstari, jibu moja: 65,535. Safu ya picha nilikuwa nimeitangaza BLOB, aina ya safu ya kuhifadhi baiti ghafi, na BLOB ya MySQL huandika urefu wake kwa baiti 2, hivyo haibebi zaidi ya hapo. Seva yetu haikuwekwa kwenye hali ya ukali; badala ya kugoma, ilikata kilichozidi na kuacha onyo ambalo programu yangu haikulisoma. Picha niliyojaribia mwanzoni ilikuwa ndogo, ya pasipoti. Ilipita nzima.

Nilibadilisha safu iwe MEDIUMBLOB, inayobeba baiti 16,777,215, nikawasha ile hali ya ukali. Kazi ya dakika chache. Lakini kilichokatwa hakirudi, na kadi nilishaifuta. Ilinibidi nizunguke mwalo mzima upya na kamera, mtumbwi kwa mtumbwi, nikiomba radhi kila nilipofika.

Wa mzee haukuwepo wa kupigwa picha. Alikaa kwenye kiti changu akanitajia alama zake: ubao wa kiraka upande wa kushoto, rangi ya bluu iliyochubuka puani, pete ya nanga iliyopinda. Nikaongeza safu ya maelezo, nikaandika neno kwa neno alivyosema, nikamchapia karatasi. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaelekea polisi.