Ufunguo wa Mama haukuwa umekufa

Mama ameanza kuendesha tena. Ninaandika haya nikiwa Tanga, Jumapili jioni, na moyo wangu umetulia kuliko nilivyokuja.

Gari lenyewe ni Toyota ya mtumba kutoka Japani, alilinunua marehemu Baba. Halichomekwi ufunguo. Rimoti inakaa mfukoni au kwenye mkoba, wewe unakanyaga breki na kubonyeza kitufe. Enzi za Baba mambo yote ya gari yalikuwa yake: oili, matairi, bima, hata kulihamisha kivulini mchana. Alipoondoka, Mama alichukua leseni yake ya siku nyingi, akaanza upya. Alianza na barabara za Ngamiani asubuhi kabla watu hawajajaa, kisha Raskazone, kisha akathubutu kwenda Muheza kwa shangazi na kurudi siku hiyohiyo. Mwalimu mstaafu, miaka yote ya kazi alikwenda kwa miguu na daladala, sasa anawapitia wenzake nyumbani kuwapeleka kikundini. Nilikuwa nikisikia furaha yake kwenye simu hata kabla hajaniambia ametoka wapi.

Halafu akaacha. Ukimuuliza anasema miguu, mara jua kali, mara petroli imepanda. Ilichukua muda hadi akaniambia ukweli: gari lilimgomea nje ya soko la Mgandini, magharibi inaingia, na vikapu vimeshapakiwa. Anabonyeza kitufe, kimya. Kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa fundi akaishika rimoti, akaigeuzageuza, akamwambia, "Mama, ufunguo umekufa huu. Unanunua mwingine, halafu unapigwa programu ili gari liutambue." Akamtajia bei iliyomfanya aliache gari pale na kurudi na bajaji. Asubuhi yake alipolifuata likawaka kama kawaida. Hicho ndicho kilichomvunja kabisa. Kitu kibovu unakijua ni kibovu, lakini kinachofanya kazi leo na kukuacha kesho, mtu wa umri wake akiwa peke yake barabarani, hawezi kukiamini.

Na gari lilikuwa limemwambia. Wenye magari ya Japani mnaijua ile sauti ya mwanamke inayozungumza kila ukiwasha. Inasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, kadi ya huko kwao ambayo huku haina kazi yoyote. Tunaisikia kila asubuhi mpaka masikio yanaizoea, na kila maandishi ya Kijapani yanayotokea kwenye dashibodi tunayapa uzito uleule. Mama aliniambia kuna kialama cha ufunguo kilikuwa kikitokea na maneno chini yake, naye akadhani ni salamu. Nilimwomba alipige picha neno hilo kwa simu anitumie, programu ya kutafsiri ikasema betri ya ufunguo imepungua. Dalili nyingine zilikuwepo pia: mlango ulikuwa hautaki kufunguka mpaka asogee karibu kabisa, na kitaa kidogo chekundu cha rimoti kilikuwa hakionekani tena anapobonyeza.

Kwa hiyo kabla sijaondoka Dar nilikwenda Kariakoo kutafuta betri. Hapa naomba niwe mkaidi kidogo kuhusu namba, maana ndipo watu wanapouziwa kisicho chao. Betri hizi za duara zimeandikwa mgongoni. Ya rimoti ya Mama ni CR1632: upana milimita 16, unene milimita 3.2, volti 3. Iliyojaa madukani ni CR2032, kwa sababu inaingia kwenye kompyuta, mizani na vitu vingi vingine, lakini hiyo ina upana wa milimita 20, haiingii. Muuzaji mmoja akanipa CR1620 akisisitiza ni ileile. Upana ni uleule kweli, ila unene ni milimita 2 tu. Ukiiweka inachezacheza, leo imegusa, kesho haigusi, na Mama angerudi kulekule kwenye wasiwasi. Nilizunguka mpaka nikapata yenyewe, nne, ndani ya pakiti ambayo haijafunguliwa.

Jana baada ya chai ya asubuhi tulikaa meza ya chakula. Nilimwomba Mama afanye yeye, mimi nielekeze. Rimoti aliifungua kutoka pindo la kanga, ndiko alikokuwa ameifunga asubuhi hiyo. Pembeni kuna kidude cha kusukuma. Alikisukuma, na ufunguo wa chuma ukachomoka. Miaka yote hiyo hakujua kama umo. Aliushika, akaugeuza, akasema, "Kumbe baba yako alikuwa anatembea na ufunguo wa kweli humu ndani?"

Pale ufunguo wa chuma ulipotoka pana mwanya. Bisibisi bapa ndogo, ncha yake tumeizungushia selotepu isikwaruze, inaingia pale, na unaizungusha taratibu badala ya kulazimisha. Gamba likasema ta, likaachana vipande viwili. Ndani mlikuwa na vumbi jeupe la unga, kipande cha uzi wa kanga, na pembeni mwa kile kibati kinachogusa betri palikuwa na ukungu wa kijani. Tanga hewa ni ya bahari, chumvi inaingia kila mahali. Mama alipafuta kwa kijiti cha masikio kilichochovywa kwenye spiriti kidogo, polepole, kama alivyokuwa akitusafisha vidonda.

Betri ya zamani ikatoka. Lakini sikumpa mpya. Nilimwambia afunge gamba hivyohivyo tupu, atoke, akafungue gari na kuliwasha.

"Mwanangu, si umetoa betri?"

"Nimeitoa, Mama. Hii hapa mkononi mwangu."

Alinitazama kwa macho ya darasani. Akatoka. Ufunguo wa chuma akauingiza kwenye kitasa cha mlango wa dereva, mlango ukafunguka. Akakaa, akakanyaga breki. Nikamwambia aguse kitufe cha kuwashia kwa ule upande wa rimoti wenye nembo, asikie mlio, kisha abonyeze kabla sekunde 10 hazijapita. Gari likalia pii. Akabonyeza. Injini ikaunguruma.

Hakusema kitu kwanza. Alizima, akarudia mwenyewe bila mimi kusema neno. Likawaka tena. Ndipo akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu msiba.

Nilimweleza hivi. Ndani ya rimoti mna chipu isiyohitaji betri kabisa. Kwenye kitufe cha gari mna koili, yaani waya uliozungushwa, na ukiisogeza rimoti pale, koili hiyo inaipa chipu umeme kidogo wa kutosha kutaja namba yake ya siri. Ni kama kadi ya kivuko cha Kigamboni, unaigusisha na haina betri yoyote. Betri ni ya kazi nyingine: kulisikia gari likiita na kulijibu kwa mbali, ukiwa umeiacha rimoti kwenye mkoba. Na kwa kuwa inasikiliza muda wote, inaisha hata usipobonyeza kitu, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Namba ya siri haikai kwenye betri, ndiyo maana kubadilisha betri ya rimoti kama hii hakuhitaji kupigwa programu yoyote. Yule kijana wa sokoni angeweza kumwambia Mama aguse kitufe kwa rimoti tu, naye angefika nyumbani na vikapu vyake. Hilo bado linaniuma.

Mpya aliiweka mwenyewe, akiishika kingoni ili mafuta ya vidole yasibaki usoni, upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu. Gamba likafungwa, kitaa chekundu kikawaka. Alifungua na kufunga milango akiwa barazani mpaka jirani akachungulia dirishani.

Kilichotuchukulia muda zaidi ni ile betri kuukuu. Mjukuu wake, mtoto wa mdogo wangu, anatambaa nyumba nzima na kila anachookota kinakwenda mdomoni. Nilitaka Mama alielewe hili kuliko yote: betri iliyochoka kwa rimoti bado ina umeme wa kutosha kuunguza koo la mtoto. Ikikwama kooni, umeme wake unakutana na mate na kutengeneza kemikali kali, na ndani ya saa 2 inaweza kuwa imeshachoma nyama vibaya sana. Mtoto anaweza kukohoa, kutokwa na mate, kukataa chakula, ukadhani ni mafua. Ukihisi tu kwamba amemeza, usingoje dalili na usimtapishe. Ni hospitali ya Bombo moja kwa moja, wampige picha, na uwaambie wazi kwamba ni betri, kwa sababu kwenye picha inaweza kudhaniwa ni sarafu. Kama mtoto ameshatimiza mwaka na hazijapita saa 12 tangu ameze, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika 10, visizidi mara sita, huku mko njiani. Asali isiwacheleweshe kuondoka. Aliye chini ya mwaka hapewi asali.

Mama aliviringisha selotepu pande zote mbili za betri, akaiweka kwenye chupa yenye kifuniko kigumu juu ya kabati, mpaka nitakapoondoka nayo. Betri zilizobaki zikaenda hukohuko juu, ndani ya pakiti yake.

Ufunguo wa akiba tulifanya pia, mimi nikiwa nimekaa mikono mapajani. Huo hautumiki, kwa hiyo tuliulaza: Toyota nyingi za aina hii, ukishikilia kitufe cha kufunga na kubonyeza cha kufungua mara mbili, kitaa kinamweka mara nne na rimoti inaacha kusikiliza. Siku ukiuhitaji unabonyeza kitufe chochote, unaamka. Ule wa kila siku umehama kutoka juu ya televisheni, ambako Baba alikuwa akiuweka. Vitu vya umeme vya namna hiyo vinaisumbua rimoti na kuimaliza betri haraka, inatakiwa ikae mbali angalau mita moja. Sasa ina msumari wake karibu na mlango, juu, mjukuu asipofika.

Leo amenipeleka Muheza kwa shangazi, yeye usukani, mimi pembeni. Njiani amezungumza habari za wenzake wa kikoba ambao nao wana magari ya kubonyeza, na mmoja ameshalipia ufunguo mpya ambao pengine hakuuhitaji. Ameniagiza betri za Kariakoo kwa ajili yao. Nimemwambia kila mmoja afungue rimoti yake kwanza, apige picha mgongo wa betri iliyomo, namba isomeke vizuri, anitumie. Jioni hii picha mbili zimeshaingia, moja CR2032, nyingine imefifia na nimeomba irudiwe kwenye mwanga.