Chumba cha Chai Kilichogeuzwa Upande
Jana, hapa Kyoto, niliandaa chai ya sherehe ya Kijapani kwa mara ya kwanza katika chumba cha gyakugatte, yaani chumba chenye mpangilio uliogeuzwa upande, na hadi leo mikono yangu bado inautafuta upande wake. Katika vyumba vingi vya chai vya Kijapani, ambavyo huitwa hongatte, mgeni huketi upande wa kulia wa mwenyeji. Katika gyakugatte mgeni huketi kushoto, na kwa sababu hiyo mpangilio mzima wa vyombo hugeuka. Kwa taratibu ninazojifunza za Urasenke, mojawapo ya shule za sherehe ya chai ya Kijapani, hata kile kitambaa cha hariri cha kupangusia vyombo, ambacho siku zote hukining’iniza kwenye mshipi upande wa kushoto, huhamia kulia.

Nilidhani ingetosha kufikiria kioo na kugeuza kila kitu, lakini sivyo, kwani kata ya mwanzi ya kutekea maji ya moto na kipigio cha kukorogea chai vyote hubaki katika mkono wa kulia. Hapo ndipo nilipokwama: nilimaliza kukoroga, nikalielekeza bakuli kulia, mahali pasipo na mtu. Mgeni wangu alisubiri kwa utulivu, na mwalimu akasema taratibu tu, “Mtazame mgeni kwanza.” Nilimtazama, nikaligeuza bakuli ili upande wake mzuri wa mbele umwelekee yeye, nikaliweka kushoto kwangu. Alipolipokea na kuinama, nilijawa na furaha ambayo sikuwahi kuipata katika chumba nilichokizoea.