Taya Moja, Umri Tofauti

Kuna ushauri ambao kila mwindaji mpya hupewa na hakuna anayeukagua: fungua mdomo, tazama meno ya mbele, taja miaka. Mimi niliupata nilipoangukiwa na kazi ya kujaza fomu za mawindo ya kikundi chetu. Fomu ina safu ya umri, na walionitangulia walikuwa wameijaza kwa mbwembwe: miaka minne, mitano, saba na nusu. Hiyo nusu ndiyo iliyonichokoza. Nani aliiona nusu mwaka ndani ya kinywa cha swala?

Wengi wetu tumekulia kwenye hesabu ya ng'ombe. Meno mawili, manne, sita, kinywa kimejaa, basi. Kwa ng'ombe inakwenda. Ukiihamishia kwa nyati inakupotosha, maana nyati huchelewa: meno yake manane ya mbele ya kudumu hukamilika akifika kama miaka mitano, wakati ng'ombe keshamaliza. Na kinywa kikishajaa, meno ya mbele hayana tena habari ya maana. Hapo nazungumzia taya la chini. Jamaa mmoja aliwahi kunisimulia kwa huzuni kwamba swala wake alikuwa mzee mno, hata meno ya mbele ya juu yalikuwa yamekwisha. Ndugu yangu, hayakuwahi kuwepo. Swala na ng'ombe hawana meno hayo tangu kuzaliwa.

Habari iko nyuma, kwenye magego. Taya likishasafishwa, hesabu magego kuanzia la mbele. Swala mzima ana sita kila upande. Nenda moja kwa moja kwenye la tatu. Kwa mnyama mdogo, hapo pana jino la maziwa lenye vilima vitatu vilivyofuatana. Jino la kudumu litakalochukua nafasi yake lina viwili tu. Kwa hiyo ukikuta vitatu, huyo bado mtoto, hata kama pembe zake zimekufurahisha. Ukichungulia vizuri ukingo wa mfupa, mara nyingine utaliona la kudumu, jeupe, linasukuma kutoka chini, na lile la maziwa limebaki juu yake kama kofia. Gego la sita nalo lina vilima vitatu, ila hilo ni la kudumu na halibadilishwi, usilichanganye. Kama halijamaliza kutoka kwenye mfupa, mnyama bado kijana.

Baada ya hapo unabaki na kuchakaa, na kuchakaa ndiko kunakoleta ubishi. Kila gego lina enameli, ile nyeupe ngumu, na ndani yake dentini ya kahawia iliyo laini zaidi. Kadiri jino linavyosagika, ukanda wa kahawia unapanuka. Gego la nne hutangulia kuisha, kwa sababu ndilo gego la kudumu linalotoka kwanza. Shida ni kwamba taya lililochemshwa na kuanikwa juani huwa jeupe lote, mipaka haionekani. Hapa najisifu kidogo: nililoweka taya kwenye chai ya rangi, nzito hasa, usiku kucha, halafu nikalisugua kwa mswaki wa zamani. Dentini ilikunywa rangi, enameli ikaikataa. Mistari ilijitokeza kana kwamba imechorwa. Birika la nyumbani halijarudi kwenye heshima yake mpaka leo.

Sasa tuje kwa Mzee. Kila kikundi cha wawindaji kina Mzee wake, na wa kwetu alikuwa na jedwali la picha za mataya, limekunjwa mara nyingi mpaka limepasuka kwenye mikunjo. Nililifuatilia. Asili yake ni kazi ya mtafiti Severinghaus ya mwaka 1949, juu ya kulungu wa mkia mweupe wa New York. Kazi ya maana sana kwa kulungu hao. Mzee alikuwa akilitumia kwa swala pala. Nilipomwuliza kwa adabu, alinijibu, "Kijana, jino ni jino."

Sikubishana naye. Taya la chini la swala ni nusu mbili zilizokutana kidevuni, na hazijaungana kabisa. Likichemshwa, ukisukuma kidogo zinaachana. Nikaachanisha mataya kadhaa, nikaandika alama zangu kwa penseli upande wa ndani, nikampelekea Mzee nusu za kushoto peke yake. Akazisoma mbio, mimi naandika. Nikakaa kimya kwa muda, mpaka nikawa na hakika amesahau. Kisha nikachanganya zile za kulia, nikaenda.

"Shikamoo Mzee. Naomba unisaidie na haya pia."

"Marahaba. Lete hapa kwenye mwanga."

Akavaa miwani, akashika la kwanza, akapitisha kidole gumba juu ya magego. Minne. La pili, sita. Alipomaliza nikatoa zile za kushoto mfukoni nikaanza kuziunganisha mbele yake, moja moja. Kuna swala ambaye upande wa kushoto alipewa miaka minne na wa kulia saba. Nusu zake zilikutana sawasawa, na kila gego lilikuwa limesagika sawa na mwenzake. Mzee akaziachanisha, akazikutanisha tena, akaniangalia juu ya miwani. "Huyu," akasema, "alikuwa anatafunia upande mmoja."

Nampa haki yake lakini. Wale wote waliokuwa na vilima vitatu kwenye gego la tatu hakuwakosea hata mmoja, kushoto wala kulia. Meno yanayoota yana ratiba. Yanayochakaa hutegemea mnyama alikula nini na wapi. Aliyeishi kwenye mchanga na majani magumu hufika na meno ya kizee kabla ya wakati. Mimi mwenyewe nilijipima kwa mtindo uleule, na matokeo yangu yako kabatini, hayamhusu mtu. Kwenye fomu sasa naandika makundi tu: mtoto, kijana, mzima, mzee. Nusu miaka zimekwisha. Na ngiri nimemtenga, kwake hesabu hii haishiki kabisa: magego ya mbele humtoka kadiri anavyozeeka, na mzee kweli hubaki na lile la mwisho tu kila upande.

Anayetaka miaka yenyewe apeleke jino maabara. Mzizi wa jino hufunikwa na tabaka la simenti linaloongezeka maisha yote, na wataalamu hukata kipande chembamba, wanakitia rangi, wanahesabu mistari kwa hadubini. Kuhesabu tabaka za jino kulipata nguvu baada ya mtafiti Laws kufanya hivyo kwa sili mwaka 1952. Bei ya jino moja haitishi, ila ukiwa na gunia la mataya utafikiri mara mbili. Na uwaambie mnyama katoka wapi, kwa sababu penye misimu miwili ya mvua mistari inaweza kuwa miwili kwa mwaka, na umri ukatoka mara mbili ya ule wa kweli.

Jino linalofaa ni la mbele kabisa, la katikati. Kata fizi pande zote mbili ndipo ulitikise, lisikatike mzizi. Wapo wanaoukwangua mzizi kwa kisu ili ung'ae. Wanakwangua miaka yenyewe. Liache na uchafu wake, lifunge kwenye bahasha ya karatasi, kwa sababu ndani ya plastiki litaota ukungu na kunuka, na juu uandike namba ileile uliyoandika kwenye taya.