Kabla ya visa ya uwekezaji, hesabu tarehe 31 Machi

Familia tajiri ya Mumbai au Ahmedabad ikiamua kuhamia Dubai kwa njia ya uwekezaji, wengi hudhani kazi kubwa ni visa. Visa ina bei yake na fomu zake, na mwenye pesa kwa kawaida huipata. Panapowakwamisha ni kuitoa pesa India kihalali, kwa jina sahihi na ndani ya mwaka sahihi. Washauri wengi wanaouza visa hawaligusi hili, na ndiyo maana linastahili kuandikwa kwa kirefu.

Mkazi wa India hawezi kutuma nje kiasi chochote anachotaka. Benki Kuu ya India ilianzisha mpango wa LRS, unaomruhusu mkazi kutuma pesa nje hadi kikomo fulani, mwaka 2004, kikomo kikiwa dola 25,000. Leo ni dola 250,000 kwa kila mtu kwa mwaka wa fedha, unaoanza 1 Aprili na kuisha 31 Machi. Humo ndani mnaingia ada ya mtoto chuoni, zawadi kwa ndugu walio nje, hisa za kigeni na nyumba. Mtoto mdogo naye ana kikomo chake, mzazi akimsainia fomu A2, ile ya benki ya kuomba kutuma pesa nje. Kampuni na amana za familia (trust) haziruhusiwi kutumia mpango huu, na hata ukoo wa Kihindu usiogawanyika, ambao sheria ya kodi inautambua kama mlipakodi, haumo.

Tuchukue mume na mke wanaotaka visa ya dhahabu ya Dubai ya miaka 10. Wanatakiwa wawe na nyumba yenye thamani ya dirhamu milioni 2. Ada ya uhamisho kwa Idara ya Ardhi ni asilimia 4, yaani dirhamu 80,000. Dalali akichukua asilimia 2 pamoja na VAT, ongeza 42,000. Jumla ni dirhamu 2,122,000, na kwa kuwa dirhamu imefungwa kwenye 3.6725 kwa dola, hiyo ni kama dola 577,800. Vikomo vya wawili hawa kwa mwaka ni dola 500,000. Wamepungukiwa na karibu dola 78,000.

Hapo wengi hukimbilia kumwongeza mtoto mkubwa kama mnunuzi wa tatu. Kwa upande wa India inakubalika, kwa sababu ndugu wanaruhusiwa kuunganisha vikomo vyao kununua mali wanayoimiliki pamoja. Kwa upande wa Dubai ndipo mambo huharibika. Mume na mke huhesabiwa pamoja wakileta cheti cha ndoa kilichothibitishwa, lakini hisa ya mmiliki mwingine haiwajazii wao zile milioni 2. Njia iliyonyooka ni kuvuka mwaka: kila mmoja atume dola 250,000 mwezi Machi, kilichobaki kitumwe Aprili, na mkataba wa mauziano uandikwe ukiwa na siku za kutosha kwa hilo. Tafadhali msingoje tarehe 30. Hati moja ikikosekana, benki ikachelewa siku mbili, pesa ya Machi inahesabiwa ya Aprili na mpango wote unaanguka. Wala msiwahi mno, maana pesa iliyotumwa isipotumika ndani ya siku 180 lazima irudishwe India.

Halafu kuna TCS, kodi ambayo benki huikusanya palepale pesa inapotumwa. Kwa uwekezaji ni asilimia 20 ya kila kinachozidi rupia laki 10 kwa mtu kwa mwaka (laki yao ndiyo laki yetu, 100,000). Tuseme dola moja ni rupia 90. Dola 250,000 ni laki 225. Toa laki 10, asilimia 20 ya zilizobaki ni laki 43. Wawili ni laki 86, nazo lazima ziwepo juu ya pesa inayotumwa. Si kodi inayopotea, kwani hukatwa kwenye kodi ya mapato ya mwaka au hurudishwa. Ila mwenye kodi ndogo ya mapato pesa yake inakaa serikalini mpaka marejesho yashughulikiwe. Anayetuma mwanzoni mwa Machi ana nafuu, maana awamu ya mwisho ya kodi ya awali, ile kodi ya mapato inayolipwa kwa awamu kabla mwaka haujaisha, hulipwa 15 Machi, na anaweza kuipunguza kwa kiasi hicho hicho.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni la nyumba za kulipia kidogo kidogo. Wajenzi wa Dubai huuza nyumba ambayo bado ni mchoro, malipo yakiendelea hata miaka kadhaa baada ya kukabidhiwa ufunguo. Kwa mkazi wa India, deni kwa mtu wa nje ni jambo linalosimamiwa na sheria ya fedha za kigeni, FEMA, na mpango wa namna hiyo unafanana mno na mkopo. Tena kila awamu inategemea kikomo cha mwaka husika kubaki kama kilivyo. Ushauri wangu ni kununua nyumba iliyokamilika na kuilipa yote.

Marekani ni hesabu nyingine. Tangu Machi 2022 visa ya EB-5, ile ya ukaazi kwa wawekezaji, inataka dola 800,000 kwa mradi wa kijijini au eneo lenye ukosefu mkubwa wa ajira, na dola 1,050,000 kwingineko, pamoja na ajira 10 za kudumu. Mwombaji ni mtu mmoja. Baba akiomba mwenyewe, dola 800,000 zinamtaka miaka minne ya fedha, na mkewe haruhusiwi kumzawadia dola kwenye akaunti yake ya nje, kwa sababu wote ni wakazi wa India. Mtoto anayesoma Marekani hana kizuizi hicho, kwani FEMA humhesabu si mkazi. Baba na mama wanamtumia zawadi ya dola 500,000 Machi na 300,000 Aprili, naye anaomba kwa jina lake. Hapo pia hofu ya kutimiza miaka 21 foleni ikiwa haijasogea, na kutolewa kwenye ombi la mzazi, inakwisha, kwa sababu yeye ndiye mwombaji mkuu. Na mradi wa kijijini una maana kwa Mhindi: asilimia 20 ya visa za EB-5 zimetengwa kwa miradi hiyo, wakati kwenye fungu la jumla Wahindi wana foleni.

Kisha maofisa wa uhamiaji watauliza kila rupia ilitoka wapi. Kiwanja kikiuzwa India, mara nyingi sehemu ya bei hupita mkononi bila kuandikwa. Sehemu hiyo haina karatasi, basi kwa EB-5 haipo.

Kuhusu kodi: visa haimtoi mtu kwenye kodi ya India, hesabu ya siku anazokaa India ndiyo inayomtoa. Raia aliyehamia nje akirudi kutembea, na mapato yake ya India yanazidi laki 15, huanza kuchunguzwa kama ni mkazi akifikisha siku 120 kwa mwaka. Raia mwenye mapato hayo asiyetozwa kodi popote huhesabiwa mkazi wa aina maalumu, hata asipokanyaga India. Mwenye kuhamia Dubai, ambako mshahara hautozwi kodi ya mapato, alisome hili kwanza. Akishakuwa si mkazi kweli, anaondoka kwenye LRS, na akaunti ya NRO, ile ya benki ya India kwa asiye mkazi, humruhusu kutoa hadi dola milioni 1 kwa mwaka.

Uraia nao si nyongeza. India, kama Tanzania, hairuhusu uraia pacha: ukichukua pasipoti ya Karibiani, ambako baadhi ya visiwa huwapa wawekezaji uraia, uraia wa India umekoma siku hiyo, na pasipoti ya zamani lazima isalimishwe. Utakachoweza kuomba ni kadi ya OCI, ya wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine, isiyompa mtu kura wala haki ya kununua shamba.

Aliyebaki mkazi ana jedwali moja la kujaza kila mwaka kwenye ritani yake, Schedule FA, la mali zilizo nje ya India. Kodi ya India huhesabiwa Aprili hadi Machi, lakini jedwali hili huhesabu Januari hadi Desemba. Nyumba iliyonunuliwa Februari huingia kwenye jedwali la mwaka unaofuata, na ile ya Novemba huingia mwaka huu huu. Kusahau kuitaja kuna faini ya rupia laki 10, hata kama kila dola ilitumwa kihalali.